Kopi, Meneja

Petronila alikuwa amekonda, na si kwa kufunga. Kilichomkondesha ni sauti ya Meneja Adrian. Pale mapokezini, kwenye loji moja juu kidogo ya Karatu, redio ya upepo ilikaa kiunoni mwake kutwa ikimwita. Petronila, taulo. Petronila, supu imepoa. Hata chooni ilimfuata. Usiku aliota inakoroma, akashtuka akijibu "kopi", yaani nimesikia, natekeleza, na mumewe akageukia ukutani.

Wiki ile rafiki yake Salima akamwambia anafungua mgahawa karibu na magereji ya mjini, na anataka mtu wa kupika naye. "Kesho ni mnada, shoga yangu, watu watajaa. Usipokuja namchukua mwingine, tusije tukalaumiana."

Petronila akaenda kuaga. Meneja hakuinua hata uso. "Notisi ni mwezi mzima, na utaitumikia yote. Ukitoroka, vyeti vyako sahau."

Vyeti vyake vya shule na vya chuo cha hoteli vilikuwa kabatini mwa meneja tangu alipoajiriwa. Hapo ndipo roho ilimuuma. Baba yake kule Endabash alilima akauza mahindi mpaka mgongo ukapinda ili yeye asome, halafu mtu avifungie kama mbuzi aliyekamatwa shambani! Alitoka ofisini machozi yanamlengalenga.

Sasa, Meneja Adrian alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko mkewe. Amri ya redioni haijadiliwi. Ukipewa unairudia, unasema kopi, unamalizia na ova, yaani nimemaliza kusema, halafu unaitekeleza. Kuna siku alimwamuru Tluway wa bustani amwagilie maua, mara mvua ikashuka. Tluway alipouliza, akajibiwa, "Nimeshasema redioni." Basi mzee wa watu akamwagilia maua mvuani, mpira mkononi, wageni wanampiga picha.

Petronila akaikumbuka siku ile, na kicheko kikamtoka. Akaminya redio.

"Meneja, meneja. Sabuni ya choo cha bustani iwe ya waridi au ya limau? Ova."

"Yoyote."

"Meneja, meneja. Hiyo yoyote tunayo stoo? Ova."

Akanywa chai kidogo, akaminya tena. Paka amelala kwenye kiti cha wageni, aamshwe au asubiriwe? Mapazia yafunguliwe yote, au nusu, na nusu ni ipi? Aliuliza kwa adabu zote, sauti laini kama ya mwanakwaya. Mtu alikuwa anaonjeshwa dawa aliyoichemsha mwenyewe, na kumbe ni chungu.

Alipouliza kama paka ahesabiwe kwenye chakula cha mchana, redio ikapasuka. "Petronila, umenichosha! Toka kwenye loji yangu sasa hivi, nisikuone tena!"

Petronila akaminya redio, sauti laini ileile. "Narudia. Nitoke kwenye loji sasa hivi, nisionekane tena. Kopi, meneja. Ova."

Kisha Patrisi, dereva aliyekuwa na wageni kule Ngorongoro, akaingia hewani. "Gari kopi. Tumesikia wote huku." Akafuata Resiato, mlinzi. "Geti kopi. Nafungua."

Petronila alipoingia ofisini, meneja alikuwa anajifuta jasho. "Ilikuwa hasira tu. Notisi iko palepale."

"Sawa, meneja. Basi tangaza redioni kwamba amri yako umeifuta. Tluway yuko hewani, anasikiliza."

Meneja akaitazama redio. Akamwona Tluway dirishani, amesimama na mpira wake, anasubiri. Akafungua kabati taratibu, akasukuma bahasha mezani. Petronila akavikagua vyeti kimoja kimoja, akatundika funguo za stoo kwenye msumari wake nyuma ya kiti cha meneja, akaiweka redio mezani. Kiuno kilikuwa chepesi mpaka akajishika.

Getini alisimama kumuaga Resiato, bahasha kaikumbatia kifuani. Redio ya mlinzi ikakoroma.

"Geti, geti. Funguo za stoo ziko wapi? Nipe Petronila. Ova."

Resiato akamtazama Petronila kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kisha akaminya redio.

"Haonekani, meneja. Ova."