Kipa Chini ya Uzi wa Kijani

Simu iliita Ijumaa asubuhi, mshonaji akiwa katikati ya pindo la shuka. Mumewe, fundi baiskeli, aliipokea uani. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi, kwa hiyo aliishika simu kwa vidole viwili kama mtu aliyemshika panya mkia. Mwanzoni alisema "eeh, eeh" tu. Kisha akapaza sauti.

"Winga? Winga wa kushoto? Acha utani wako, Breki!"

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Jina la Breki alilijua vizuri. Alikuwa rafiki wa mumewe tangu darasa la pili, dereva wa lori aliyestaafu, na aliitwa hivyo kwa sababu utotoni akianza kukimbia hakuna aliyeweza kumsimamisha.

Fundi aliingia ndani mbio, yeye mwenye umri wa miaka sitini na minane na goti bovu.

"Mke wangu, winga amepatikana! Alikuwa ndani ya kitabu cha hesabu cha shule, kwenye sanduku la marehemu mama yake Breki. Anamleta kesho saa tano. Kesho timu inatimia!"

"Hongera, baba," alisema mshonaji.

"Ile bahasha yangu si bado iko juu ya kabati?"

"Ipo."

Hakusema uongo. Bahasha ilikuwapo. Kilichomkausha mate ni kile alichokitia ndani yake.

Habari yenyewe ilianza mwezi wa kwanza wa ndoa yao. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, aliyelelewa kwenye nyumba ya wasichana watupu, asiyejua mpira una pembe ngapi. Alihamia kwa mumewe na cherehani moja na upweke mwingi. Siku moja, akipanga nguo za mumewe, alikuta juu ya kabati bahasha yenye vipande kumi vya karatasi ngumu, vimelingana, kila kimoja na picha ya mwanamume mwenye kaptula. Alidhani ni makaratasi ya kwenye maboksi ya mashati. Akafurahi. Nyuzi zake zilikuwa zinamtesa kwa kusokotana, na hapa kapata vitu vya kuzungushia. Akachukua mkasi, akakata vijipengo pande zote mbili ili uzi usiteleze, akazungusha kijani, bluu, kahawia, mpaka vipande vyote kumi vikaisha. Akavipanga kwenye droo ya cherehani, akaviangalia, akaona nyumba imeanza kuwa yake.

Miaka miwili ikapita. Shemeji yake mmoja alikuja kutembea, na katika mazungumzo akamuuliza fundi, "Zile kadi zako za wachezaji bado unazo? Maana ulikuwa unalala nazo chini ya mto."

Mshonaji alikuwa amebeba sinia la vikombe. Siku ile vilivunjika vitatu.

Alipata kujua yote kwa kusikiliza tu. Kadi zilikuwa zikitoka kwenye pakiti za chingamu, moja kila pakiti, na hujui umepata nani mpaka uchane karatasi. Kwenye uso wa mchezaji kulibaki unga wa sukari, na watoto waliulamba kwanza ndipo watazame ni nani. Fundi alikusanya wachezaji kumi kwa muda wa miaka mitatu. Aliwabebea watu maji, akaosha baiskeli, akabadilishana. Aliyemkosa ni namba kumi na moja, winga wa kushoto. Breki alikuwa naye, na Breki alikataa kumtoa.

Mshonaji hakuwa na ujasiri wa kusema. Alikata vipande kumi vya boksi, akavipima na kadi zenyewe mpaka vikalingana, akavitia kwenye bahasha, akaifunga kwa kamba na kuirudisha mahali pake. Tangu hapo hakuigusa. Alipofuta vumbi juu ya kabati, aliizunguka bahasha ile kama mtu anayemzunguka mbwa aliyelala. Miaka arobaini na mmoja.

Ijumaa ile, wakati wa chakula cha mchana, alijaribu.

"Baba, kuna neno nataka kukwambia."

"Sema."

Alimtazama. Kijiko kilikuwa mkononi, macho yanang'aa, midomo inacheza peke yake kama mtoto anayehesabu siku.

"Ongeza chumvi," alisema.

"Imetosha," alijibu mumewe, akamsogezea kipande kikubwa cha nyama kilichokuwa upande wake wa sahani, kama alivyofanya siku zote.

Jumamosi asubuhi fundi alivaa shati safi, akatangaza anakwenda kwa kinyozi.

"Kinyozi? Kwa ajili ya kadi?"

"Mgeni huyu nimemngoja miaka hamsini na sita. Nimpokee na mvi zimesimama?"

Alipotoka tu, mshonaji alifungua droo. Aliamua kuzifungua kadi zote, azinyooshe, azipige pasi ya uvuguvugu chini ya kitambaa, kisha mumewe akirudi amkabidhi na kumwomba msamaha. Alianza na uzi wa kijani. Ulizunguka na kuzunguka, mpaka akatokea mtu aliyenyoosha mikono juu, kipa, rangi yake bado mbichi kwa kuwa hakuona jua miaka yote hiyo. Lakini vile vijipengo! Viwili kushoto, viwili kulia, vimemla kipa viwiko vyote. Hakuna pasi ya kuondoa hivyo. Mshonaji alikaa amemshika, machozi yanamlengalenga.

Kisha akapanda kwenye stuli, akaishusha bahasha. Kamba ilikuwa imefungwa fundo ambalo si lake. Yeye hufunga fundo la kishonaji, dogo na bapa. Hili lilikuwa nene, la mtu anayefunga mizigo kwenye baiskeli.

Akaifungua.

Vipande vyake vya boksi vilikuwamo, na juu ya kila kimoja kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko uleule unaoandika "tairi la nyuma" na "mnyororo" kwenye vibandiko vya kazi. *Kipa, uzi wa kijani. Beki wa kulia, kahawia. Nahodha, bluu ya bahari.* Vyote kumi, hakuna aliyekosewa. Mahali fulani rangi ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya, maana mwaka mmoja uzi wa njano uliisha na yeye akazungusha mweupe. Na kulikuwa na kipande cha kumi na moja ambacho hakukikata yeye, kimekatwa kombokombo kutoka boksi la viraka vya tyubu. *Winga wa kushoto, bado hajafika.*

Hakusikia mlango. Alisikia harufu ya poda ya kinyozi.

"Umemvua kipa nguo," alisema fundi, amesimama kizingitini, kichwa kinang'aa.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Fundi alivuta kiti, akanyoosha goti lake. "Wiki ileile. Nilikuja kutafuta mkasi kwenye droo. Nikamwona nahodha ananichungulia katikati ya uzi wa bluu. Nusura nipige ukelele."

"Ungepiga! Ungenigombeza yakaisha!"

"Ulikuwa unaimba," alisema mumewe. "Unakumbuka mwezi ule? Ulikuwa unamlilia mama yako kila jioni, unadhani sikusikii. Siku ile ulikuwa kwenye cherehani hapo, umenipa mgongo, unaimba. Mara ya kwanza kuimba kwenye nyumba hii. Nikafunga droo polepole."

Mshonaji alijifuta uso kwa kipande cha shuka.

"Halafu ukaniwekea maboksi," fundi aliendelea, na sasa alikuwa anacheka. "Umeyapima! Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Nikaandika, nikasema siku akifungua ataona, tutacheka wote. Nawe hukufungua! Mwanamke gani wewe, usiyechungulia?"

"Niliogopa."

"Ndiyo maana jana nikakuuliza habari ya bahasha. Sikutaka Breki akukute na mzigo huo."

"Na kadi zako je? Nilizikatakata."

"Kwani nilizikosa? Kila kifungo kikikatika, nani alikuwa anakimbilia kuleta uzi?"

Alikumbuka. Ni mumewe. Miaka yote, watoto wakirudi shule na kifungo kimoja pungufu, baba yao alisema "kaa, mama, nitaleta mimi", na alichelewa kwenye droo kupita kiasi. Mshonaji alidhani haoni vizuri.

Saa tano Breki alifika, mnene, anahema, bahasha ndogo kifuani.

"Shemeji! Spoku! Mmejiandaa?" Spoku ndilo jina alilompa fundi alipokuwa mwembamba kama waya wa gurudumu.

"Kwanza mkanda wangu," fundi alisema. "Nilikupa mabeki wawili na mkanda wangu wa suruali unipe winga, ukakataa. Ukarudisha mabeki, mkanda ukabaki nao."

"Mkanda ulikatika mwaka uleule. Na winga sikumtoa kwa sababu ungempata usingekuja tena kwetu kila siku." Breki alisema hivyo haraka, akatazama pembeni. "Haya, chukua. Sitaki kitu."

Winga alikuwa mzima, pembe nne kali, mguu wa kushoto hewani. Fundi alimnusa. Akampa mkewe naye anuse. Harufu ya sukari ilikuwa imebaki kidogo, kama mtu anayeita kwa mbali.

Kisha Breki akaona droo. "Mungu wangu! Nani kawafanyia hivi?"

"Mimi," alisema mshonaji, na ajabu ni kwamba sauti haikutetemeka. "Shemeji, na hicho kifungo chako cha tumboni kimekwenda wapi?"

Breki alijitazama. "Kilikatika ndani ya gari."

"Simama hapa."

Alimshonea kifungo palepale, shati likiwa mwilini, naye amevuta tumbo ndani na kushika pumzi kama yuko kwa daktari. Uzi ulikuwa mwekundu, mpya kutoka dukani, na ulibaki mrefu. Mshonaji aliuangalia, akamwangalia winga.

"Hapana," alisema. "Huyu abaki mzima. Nimeshaharibu kumi."

"Wenzake wote wana jezi," alisema fundi. "Yeye acheze kifua wazi?" Akamgeukia rafiki yake. "Ni wangu au si wangu?"

Breki aliangalia mkasi, akaangalia kadi aliyokataa kuitoa miaka hamsini na sita iliyopita.

"Ni wako," alisema. "Kata, shemeji. Ila ngoja nigeuke."

Akageuka ukutani, mikono masikioni. Mshonaji alikata vijipengo vinne vidogo kuliko vyote alivyowahi kukata, akazungusha uzi mwekundu taratibu, akiacha uso na ule mguu wa kushoto nje. Fundi alichukua penseli ya kazini, akafuta maneno ya kipande cha kumi na moja, akaandika upya. Kisha wakawapanga wote juu ya shuka lisilokwisha pindo, kipa nyuma, winga ukingoni, na fundi akaanza kutangaza mchezo.

"Tayari?" Breki aliuliza, bado ameelekea ukutani.

"Geuka," alisema mshonaji, tayari anamvika kipa uzi wake. "Mpira umeshaanza."