Ulimi wa Kampuni

Kampuni ya Fakihi na Wanawe, wauzaji wa vyakula kwa jumla hapa Temeke, haina wana. Ami yangu Fakihi aliagiza kibao mapema, kwa matumaini. Ilianza na punda kiziwi na gunia la mtama. Kufikia mwaka huu wa 1926 ina ghala la bati, na hakuna duka kuanzia hapa hadi Mtoni lisilochukua mzigo kwetu.

Mtaji wake mkubwa ulikuwa ulimi wa ami. Kila gunia lilifunguliwa, akatafuna kidogo huku akitazama paa kama anayepokea habari nzito kutoka serikalini, kisha akapiga alama ya chaki. Gunia lisilo na chaki halikununuliwa na mtu. Ramadhani ulimi huo ulikwenda likizo, maana ami hakutaka hata vumbi la unga lipite midomoni. Nafasi yake ilishikwa na karani wetu Ansbert, Mkatoliki wa Bukoba, aliyetafuna mchele mbele ya waliofunga bila haya.

"Bwana Ansbert, tafuna kwa adabu," ami alimkemea.

"Natafuna kikazi, mzee."

Mwaka huu Ijumaa Kuu iliangukia ndani ya Ramadhani. Asubuhi Bi Somoe, mwenye duka Mtoni, alikuja kuchukua gunia la makopa, ile mihogo mikavu ya kutwanga unga. Ami akamwita karani aonje.

"Leo siwezi, mzee. Nimefunga."

"Umefunga? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya Kanisa, mzee."

Mimi, niliyerudi likizo kutoka bweni, nilicheka mpaka nikafukuzwa ghalani. Kutoka mlangoni nilimsikia ami akisema makopa ya Mzee Mwishehe wa Rufiji hayajawahi kututia aibu.

"Piga chaki, Ansbert."

"Bila kuonja?"

"Mteja anangoja. Piga."

Chaki ikapigwa, Bi Somoe akaondoka na mzigo wake.

Baada ya alasiri mbuzi tuliyemfuga kwa ajili ya Idi aliokota vipande vya makopa yale vilivyomwagika ghalani. Muda si mrefu akaanguka, povu mdomoni, miguu ikipiga hewa, akafa. Ami hakuhitaji kuambiwa. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha ni sumu, na ulimi ndio unaoijua kwanza.

"Watakula magharibi," alisema. "Twendeni!"

Tulikimbia, ami, Ansbert na mie, mpaka Mtoni. Bi Somoe alikuwa uani, chungu cha ugali kimefunikwa, mjukuu wake Zuena amejilaza mkekani.

"Bi Somoe, msile! Makopa yale ni machungu. Yameua mbuzi wangu."

"Machungu? Si yana chaki yako?"

"Chaki ilipigwa bila kuonjwa."

"Mzee Fakihi, sema umesikia mihogo imepanda bei, unataka gunia lako. Mbuzi wako kafa kwa njaa, wewe humlishi."

"Wallahi nakwambia kweli."

"Basi onja. Hapa, mbele yangu."

Ami alitazama juu. Jua lilikuwa bado kwenye vilele vya minazi.

"Nimefunga, Bi Somoe."

"Nami nimefunga, nimepika bila kuonja. Tungoje. Adhana ikilia, utaanza wewe, tujue nani mwongo."

Sote tuliona ni hukumu ya haki. Hata Ansbert, aliyeshinda bila kitu tumboni, aliitikia kwa kichwa. Tukakaa. Bi Somoe aliendelea kumtania ami kuhusu mbuzi, ami akajibu kwa heshima zote. Hakuna aliyekuwa na haraka, kwa kuwa hakuna ambaye angekula kabla ya jua kuzama.

Adhana ikalia. Ami akamega tonge dogo, akatafuna. Safari hii hakutazama juu. Alitema chini, akafuta ulimi kwa kiganja.

"Mwaga," alisema.

Bi Somoe hakubishana. Alishika chungu kwa mikono miwili, akanyanyuka nacho, kisha akasimama pale pale.

"Zuena nilimpa alasiri," alisema. "Mtoto hafungi."

Ansbert ndiye aliyefika mkekani kwanza. Alimgeuza. Povu lilikuwa limemkaukia shavuni, na mkono ulioinuliwa ulibaki umekunjika vile vile.

Bi Somoe aliweka chungu chini taratibu, kisimwagike, akaanza kumwita mjukuu wake kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto aje kula.