Aliyemwita Dobi

Mara ya kwanza marehemu mama yake alipomwita, dobi, mwanamke wa makamo, alikuwa kwenye meza ya kupigia pasi, jua la asubuhi limejaa dirishani.

"Kisebu!"

Sauti ilitoka kushoto, karibu kabisa na sikio. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila mashati ya wateja yaliyotundikwa.

Jina hilo walilijua watu wawili tu duniani, yeye na kaka yake. Utotoni alikuwa kisebusebu na kiroho papo: chakula anakikataa, macho hayabanduki sahanini, mpaka mama amfinyangie tonge na kumtia kinywani kwa mkono wake.

Hakumwambia mtu. Nani apende kuitwa mwehu? Sauti ikarudi tena na tena, na kila ikija, vidole vya mkono wa kushoto vilichezacheza vyenyewe. Aliogopa. Lakini, Mungu amsamehe, alianza pia kuingoja. Ikichelewa, alizima redio ili aisikie vizuri.

Siku moja akaitika kwa sauti: "Abee, mama!" Wenzake wa kazini wakatazamana. Kabla hawajasema neno, akaanguka chini, mwili unatetemeka, povu linamtoka.

Kaka yake, fundi seremala, ndiye aliyempeleka hospitali. Huko dobi akakiri kwamba husikia sauti ya mama, wakampiga picha ya kichwa. Daktari, binti wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, akawaonyesha madoa kwenye picha.

"Mama, hawa ni watoto wa tegu, yule mnyoo mrefu. Kila mmoja yumo kwenye kifuko chake. Wamekaa humu miaka mingi."

"Miaka mingi, nami sikuumwa hata kichwa?"

"Mdudu huyu akiwa hai, anaupumbaza mwili usimtambue. Mwili nao ukamvumilia, mkaishi salama. Sasa mmoja anakufa. Akifa hawezi kujificha tena. Mwili umeshtuka, umemvamia, na hapo wanapopigana pamevimba. Sauti unayoisikia inatoka hapo."

"Aliingiaje?" kaka akauliza.

"Kwa mayai, kwenye mikono au chakula. Mara nyingi ni mtu wa nyumbani mwenye tegu tumboni. Haumwi, wala hajijui."

Kaka akakohoa. Dobi akayainamia magoti yake. Hakuna aliyemtaja mama, lakini wote wawili walikuwa wanauona ule mkono na lile tonge.

Akapewa dawa za kuzuia degedege na za kutuliza uvimbe. Sauti ikafifia, ikawa mnong'ono, ikawa pumzi tu, kisha kimya. Wenzake wakampongeza. Alipiga pasi huku machozi yakidondokea nguo za watu, na alipoulizwa ana nini, alisema, "Nimefiwa." Wakadhani anatania.

Kwa kuwa walikula sahani moja utotoni, daktari alitaka kaka naye apimwe. Kumbe yeye anao wengi zaidi, wote hai, wametulia tuli. Mtu mzima, mzima wa afya, anabeba mbao mgongoni!

"Tukiwaua kwa pupa, ubongo utavimba," daktari akamwonya. "Uje ulazwe, tuwaue polepole, tukikuangalia."

"Nitakuja," akasema. Hakwenda.

Dobi alimhimiza kila walipoonana, naye kila mara alikuwa na kesho yake. Kaka huyu alikuwa safarini mama alipokufa. Alikuta kaburi limekwisha kukauka udongo. Tangu hapo hakulizungumzia.

Mchana mmoja dobi akamkuta karakanani, msumeno umenasa katikati ya ubao, naye ameinamisha kichwa upande wa kushoto, hapepesi macho.

"Kaka! Unaumwa?"

"Siumwi." Akauachia msumeno. "Mdogo wangu, ilianzaje? Alikuita moja kwa moja, au ulisikia pumzi kwanza?"

Nywele zikamsimama dobi. Angeweza kumgombeza. Angeweza pia kumweleza yote, maana hakuna mwingine wa kumweleza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto, akamwinua, akafunga mlango wa karakana, wakashika njia ya hospitali.

Kaka alifuata bila ubishi. Ila barabarani, kila mtu alipomwita mwenzake, alisimama.