Jani la Isale Ukutani

Mama Kauthar anasema alimwona kwa macho yake. Anasema alitoka nje alfajiri kutawadha kwa kikombe kimoja cha maji, maana ndicho kilichobaki, akamwona mwenyekiti wa mtaa, mzee Sumari, amesimama mbele ya ukuta na ndoo ya chokaa. Akavua kofia, akaiweka kifuani kama mtu aliyefika msibani, akaitazama picha iliyochorwa pale muda mrefu. Kisha akaivaa tena, akachovya brashi, akaanza kuifuta.

Ndeshi alimsikiliza huku akikunja mashuka machafu ya gesti ndani ya beseni kavu. Mama Kauthar alikuwa jirani mwema, ila habari yake haikosi nyongeza. Juzi tu alisema chui kaingia mtaani kwao, Sokon One, kumbe paka wa mwenye nyumba. Lakini hiyo ya kofia ilimkaa Ndeshi rohoni.

Bomba la mtaa wakazi walilichimbia mtaro wenyewe kwa majembe, miaka ya nyuma. Kisha ukaja wakati wa kila kitu kuwa mradi wa mtu. Tajiri mmoja wa mjini akapewa bomba, akalijengea kibanda, akatia kufuli. Bei ya ndoo ikawa inapanda kadiri alivyoamka siku hiyo. Aliyempa ni mzee Sumari. Kwa mfuaji kama Ndeshi, maji ndiyo kazi yenyewe, na gesti walishamwambia mashuka yasiporudi jioni hii watatafuta mtu mwingine.

Ni bomba hilo lililomfanya ajiandikishe kwenye mafunzo ya sanaa ya jamii, katika ukumbi wa kanisa. Wenzake wengi walikuwa wa kidato cha nne, yeye aliishia la saba. Mwalimu Philemoni aliwafundisha kwamba mchoraji hachori peke yake. Kwanza anakaa na watu, anawauliza ukuta wao useme nini. Basi wakaenda kukaa na kinamama kwenye foleni ya bomba, wakachagua ukuta wa ghala la zamani la ushirika, lililofungwa, linalotazamana na kibanda. Rangi walitengeneza kwa udongo mwekundu, masizi na uji wa muhogo. Mmoja alitaka kufuli lichorwe kubwa kuliko mlango. Mwingine alitaka zionekane ndoo tupu zilizowekewa mawe kushika nafasi.

Ndeshi akaleta jani la isale. Mama yake alimpa mche siku alipoondoka kwao Nkoaranga, naye akaupanda kwenye kopo la maziwa mlangoni pake. Alichora mwanamke amelishika kwa mikono miwili, analielekeza kwenye kufuli.

Omary, mwenzake wa mafunzo aliyekuwa anakoroga masizi, alimcheka. "Dada, kufuli linalishwa mchicha?"

"Si mchicha. Kwetu Meru, mtu akikujia na hili humfukuzi, hata kama alikuulia ng'ombe. Unakaa naye, mnasameheana."

"Basi ongeza lingine. Hilo kufuli lina roho ngumu."

Sasa ukuta ulikuwa mweupe. Ndeshi aliliacha beseni, akaenda ofisi ya mtaa. Mzee Sumari alimwacha asimame huku akizungumza na wageni waliokuja nyuma yake. Walipoondoka alimwambia kwamba mafunzo yamesimamishwa, ukumbi umefungwa, na mwalimu Philemoni ameshaambiwa arudi alikotoka. Kisha akamtazama vizuri.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Thomasi, wa Nkoaranga."

"Binti wa Thomasi. Na hujui isale haiwekwi barabarani? Inaletwa nyumbani kwa mtu, anapewa mkononi. Wewe umenianika. Kila anayepita anauliza Sumari ameombwa nini na wanawake hata akakataa."

Ndeshi aliinamisha kichwa. Hapo mzee alikuwa na haki, na ndilo lililomuuma. Kwenye foleni alikuwa amewauliza watu wote ukuta useme nini, ila hakukumbuka kwamba jani lile halisemi na ukuta. Linasema na mtu.

"Nisamehe, baba. Lakini bomba..."

"Kwenye kiti hiki hakuna isale. Kuna mkataba."

Alirudi nyumbani. Mama Kauthar alimwambia wakimbilie mtoni na mashuka, jua bado lipo, angemsaidia kukamua. Ndeshi alimshukuru, lakini hakulinyanyua beseni. Alikata jani moja kwenye kopo, akalifuta vumbi kwa ncha ya khanga. Gesti na watafute huyo mtu wao.

Kwa mzee Sumari, mkewe, mama Aikaeli, alimkaribisha kiti. Alipoliona jani alishtuka kidogo, akaingia jikoni. Mzee alikuwa kibarazani, amevua viatu, kofia bado kichwani. Nyuma ya nyumba mpira wa maji ulikuwa ukimwagilia migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Si nimekwambia?"

"Umeniambia inaletwa nyumbani. Nimeileta."

Alipiga goti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, nilikuanika barabarani. Kwa hilo naomba unisamehe. Na kwa ajili ya wote wanaopanga ndoo pale, tunaomba bomba letu lifunguliwe."

Mikono ya mzee ilibaki magotini. Alilitazama jani, akamtazama Ndeshi, akarudi kwenye jani. Ndeshi hakuishusha mikono yake.

"Tunaomba, baba," alisema tena.

Mzee Sumari akavua kofia taratibu, akaishika kifuani. Kumbe safari hii Mama Kauthar hakuongeza kitu. Ndeshi alisubiri. Nyuma ya nyumba maji yaliendelea kumwagika kwenye migomba, na mzee hakuirudisha kofia kichwani.