Kipindi cha Matumbo

Asubuhi hiyo mtangazaji alikuwa hatulii. Alivaa vipokea sauti, akavivua, akavivaa tena. Alisogeza kiti mbele, akakirudisha. Fundi mitambo, aliyekaa upande wa pili wa kioo, ilibidi amwashirie kwa kiganja kwamba atulie, maana kiti kilikuwa kinalia na kilio chake kinakwenda hewani.

Wasikilizaji walimwita Mama Asubuhi. Miaka tele alikuwa akiwaamsha watu kwa sauti yake ile yenye kicheko ndani, na kipindi chake cha malezi kilipendwa hata na wasio na watoto. Akina mama walimpigia kumuuliza mambo ambayo hawakuthubutu kuwauliza mama zao wazazi, naye aliwajibu bila kumung'unya maneno. Kushauri kuhusu watoto wa wenzio, jamani, hiyo kazi haijawahi kumtoa mtu jasho.

Wa kwake alikuwa mmoja tu, binti wa miaka sita, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Siku hizi lilikuwa limebaki jina tu. Tangu muhula uanze Chiriku alikuwa akijichafua. Shuleni, nyumbani, hata kwenye harusi ya mjomba wake, ndani ya gauni jeupe. Majimaji kidogo, kisha harufu, kisha watu kuangaliana. Mama yake aliona ni kuharisha, akaenda duka la dawa, akanunua dawa ya kuzuia. Wapi. Akabadilisha dawa. Akamkataza matunda. Hali ilipozidi akaamua kwamba huo sasa ni uvivu wa kwenda chooni, akaanza kumgombeza, na juzi alimwekea karai uani afue chupi zake mwenyewe, majirani wakipita, ili aone haya.

"Sikujua kama kimetoka, mama," mtoto alisema kila mara.

"Muongo wewe. Mtu hajui vipi?"

Ndipo mama mkwe alipoitwa, naye akatoa uamuzi palepale kabla hata hajavua viatu: apewe yeye mtoto akakae naye kwake mpaka muhula uishe, atamnyoosha. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelea saba na wote walinyooka, au tuseme hakuna aliyethubutu kumwambia vingine. Basi la kwenda huko lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo saa nne, saa ileile kipindi kinapomalizika, na tuseme ukweli, mtangazaji mwenyewe ndiye aliyelichagua basi hilo. Hakutaka kuagana na mwanawe kituoni. Aliogopa kumtazama usoni. Akaenda kujificha kazini, kazi yenyewe ya kusikika mji mzima.

Na mada ya siku hiyo, kama vile mtu alimpangia makusudi, ilikuwa matumbo ya watoto. Mgeni alikuwa daktari wa watoto, mwanamama wa sauti ya chini ambaye hakuwahi kukanyaga studio na alikuwa akikitazama kipaza sauti kwa mashaka.

Baba mmoja alipiga wa kwanza. Kichanga chake kilikuwa kinacheua maziwa kila kikinyonya, na jirani amemwambia maziwa ya mkewe yameharibika.

"Mtoto anaongezeka uzito?" daktari aliuliza.

"Anaongezeka, daktari. Mashavu hayo, hata shingo huioni."

"Ananyonya vizuri? Mchangamfu?"

"Tena sana."

"Basi huyo anacheua tu. Akishanyonya mbebe wima, mpe muda, ataacha mwenyewe. Jirani mwambie maziwa ya mkeo hayana kosa. Lakini siku ukiona anatapika kijani, au damu, au tumbo limevimba na hataki kunyonya, usinitafute redioni. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo."

Mtangazaji alicheka mahali pa kucheka, akamshukuru baba huyo, akasoma tangazo la magodoro. Macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Sasa hivi wanafunga begi. Sasa hivi mume wangu anawafikisha kituoni, anawahi darasani kwake. Je, wamemwekea sweta? Alijikuta anatafuna kifuniko cha kalamu, na ladha ya plastiki ikamjaa mdomoni.

Kisha mama mmoja aliuliza habari za mtoto wa shule asiyekwenda choo, anakaa hata wiki. Hapo daktari akakisahau kipaza sauti na akaanza kuongea kama anayeongea na mtu.

"Wazazi, hapa naomba mnisikilize. Mtoto anapata choo kigumu siku moja, kinamuumiza. Kesho akisikia haja, anabana. Au choo cha shule hakina komeo, anaona aibu, anabana. Utamwona amekunja miguu, amesimama kwa ncha za vidole, wewe unasema anacheza. Akibana siku nyingi, choo kinakauka humo ndani, kinakuwa donge. Utumbo unatanuka mpaka hasikii tena kwamba ana haja. Sasa kinachofuata nyuma ya donge ni majimaji, na majimaji yanapita pembeni, yanatoka yenyewe. Mzazi anaona chupi imechafuka, anakuja kwangu, daktari, mtoto anaharisha. Namshika tumbo, nakuta amefunga choo, tena siku nyingi."

Kukawa kimya. Redioni kimya ni kosa la kufukuzwa kazi, na fundi mitambo alishasimama, mikono juu, anauliza kulikoni. Mtangazaji alikuwa amekitazama kioo bila kumwona.

"Yaani," alisema mwishowe, na kile kicheko hakikuwemo tena, "mtoto akikwambia hakujua kama kimetoka..."

"Anasema kweli."

"Na akipewa dawa ya kuzuia kuharisha?"

"Unazidi kumfunga."

"Na akigombezwa, daktari? Akiaibishwa?"

Daktari alimtazama. Amekaa na wazazi miaka mingi, anajua swali la kuulizia watu na swali la mwenye kidonda. "Atabana zaidi," alisema taratibu. "Mzazi akishajua, aache kugombeza, ampeleke akapimwe. Kuna dawa za kulainisha, atapewa kwa kipimo chake, na atazitumia miezi, asiziache siku ya tatu kwa kuona amepata choo. Maji, matunda, mboga. Kila akishakula akae chooni bila haraka, miguu ikanyage kitu. Anapona kabisa. Ila inataka mtu wa kuwa upande wake."

Mtangazaji alimwashiria fundi mitambo aweke wimbo. Akawasha simu. Ya mumewe iliita mpaka ikakatika, maana yeye ni mwalimu wa hesabu, na akishaanza kufundisha hapokei hata nyumba iungue. Ya mama mkwe haikupatikana. Bila shaka haikupatikana. Mama mkwe huizima simu safarini kutunza chaji, anaifunga kwenye leso, leso ndani ya mkoba, mkoba chini ya kiti. Akampigia tena mumewe. Akapiga tena.

Alisimama, akakaa. Hata kwa pikipiki, kituo cha basi kilikuwa mbali kidogo. Angefika basi limeshatoka. Muongo wewe. Alimwita mwanawe muongo mara ngapi? Mabasi yote yale, alijua, yalikuwa yakifungulia redio yake. Ndiyo fahari ya kituo chao cha redio. Angeweza kusema sasa hivi na akasikika. Lakini aseme nini? Akitaja jina, akitaja kujichafua, mtoto atabebeshwa fedheha hiyo shule nzima. Na bosi alishapiga marufuku ujumbe wa nyumbani hewani. Bosi angeweza kusubiri.

Wimbo ulikuwa unaisha.

"Kabla hatujaendelea," alisema, "nina ujumbe kwa mama mkwe wangu. Mama, shikamoo. Kama umeshapanda basi, nakuomba ushuke, safari ya leo ivunjike. Mimi hapa nashauri watu kila siku, kumbe nyumbani kwangu kuna jambo nilijiona nalijua na sikulijua hata chembe. Na huyo uliye naye, mwambie kwamba alisema kweli. Mama yake ndiye aliyekosea."

Akamgeukia mgeni. "Daktari, endelea na wasikilizaji. Nakuletea mtu leo." Akavua vipokea sauti na kutoka. Daktari alibaki peke yake na mji mzima, na wanasema kipindi alikiendesha vizuri tu, isipokuwa kila aliyepiga simu aliulizwa kwanza umri na uzito.

Mwenye pikipiki aliyempakia alikuwa amesikia kila kitu.

"Sasa mama mkwe atashuka kweli?"

"Wewe kimbiza."

Walipofika kituoni, basi lilikuwa limeondoka. Mama mkwe alikuwa amekalia begi lake pembezoni mwa lami, mkoba mapajani, uso umejikunja.

"Umenitangaza kama mbuzi aliyepotea," alisema. "Mtoto kasema huyo ni mama, dereva kazima injini, abiria wote wananigeukia, eti mama mkwe ndiye huyu. Utani gani huu?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe nikishajua nimeshukia nini."

Akachuchumaa, akamnong'oneza yote, donge na majimaji na ile dawa. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo mtangazaji hakuwahi kuliona tangu aolewe. Kisha wote wawili wakamgeukia mtoto.

Chiriku alikuwa amesimama kando, ameshikilia nguzo, miguu imepishana, visigino havigusi chini, kijasho juu ya mdomo. Mama yake alishamwona hivyo mara mia, na mara mia alimwambia aache kucheza.

Alipiga magoti mbele yake. "Ulikuwa unasema kweli, mwanangu. Mama alikuwa hajui. Unaumwa tu, na kuna daktari anayejua kukutibu. Turudi nyumbani."

Mtoto alitikisa kichwa. "Nataka kwenda kwa Bibi."

"Kwa nini, mama?"

Chiriku alitazama lilikoelekea basi.

"Kwa Bibi bado sijanuka."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo aliuliza kwa furaha kama huyu siye Mama Asubuhi mwenyewe. Mtangazaji alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na sketi yake ya kazini, machozi yanamtoka.

"Twende kwa daktari kwanza," alisema akijifuta uso. "Mimi, wewe na Bibi. Ukishapona utachagua wewe mwenyewe, kwangu au kwa Bibi. Sitakulazimisha."

"Nitafikiria," alisema Chiriku.

Akampa Bibi mkono wakaanza kutembea polepole kuelekea barabara kuu. Mama yake akajitwika begi, akawafuata.