Agutu Afungua Dirisha la Zahanati

Habari hii alinipa Rose, nesi wa zahanati ya kijijini kwetu upande wa Kamanga, mwaka tisini na saba, tukianika dagaa.

Agutu, mama yake Okeyo, alikuwa akikaanga na kuuza mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, huko mwaloni mitumbwi inakoshushia samaki. Alikuwa mnene kwelikweli, na watu walimsifia. Ila akijinyoosha kitandani pumzi inamkaba, basi miaka na miaka alilala ameketi, mgongo kwenye gunia la pamba. Kulala kama watu wengine, hilo tu ndilo alilolitaka.

Zahanati haikuwa na daktari. Ilikuwa na redio koli ya kutumia betri ya gari, na Daktari Kashindye alikuwa Mwanza mjini. Kila Jumanne Rose alifunga dirisha, akampima Agutu kwa mizani ya pamba ya kuazima, kisha akaita mjini bila kutaja jina.

"Mapanki aache, ova," daktari akasema; redioni "ova" ni kumpa mwenzako zamu.

"Mwambie ndiyo yanayonilisha!" Agutu akadakia.

"Auze, asile. Na aende mwaloni kwa miguu, ova."

Akatii, mwanamke yule! Magauni yakaanza kumpwaya, pumzi ikawa nyepesi kidogo. Lakini miaka ile ukikonda tu, watu wamekwishakuzika kwa ule ugonjwa. Wateja wakahamia kwa Teodora, jirani yake wa kukaanga.

"Shoga, mbona unaisha?" Teodora akamuuliza mbele za watu. "Utatuaga lini?"

"Utatangulia wewe!" Agutu akajibu, ila moyo ulimuuma.

Jumanne iliyofuata akamwambia Rose, "Mwanangu, nirudishieni mwili wangu. Wajukuu watakula nini?"

Rose akafunga dirisha kama kawaida. Akaita mjini, akaeleza maneno ya watu. Redio ikavuma kwanza, kisha daktari akajibu.

"Shikamoo, mama. Midomo ya watu sina dawa yake, ova."

Agutu akainuka, akafungua dirisha wazi. Nje foleni nzima ikageuka, Teodora akiwemo na mtoto mgongoni. Akachukua kipaza sauti.

"Marahaba. Mimi Agutu, mama Okeyo. Sema, ninatibiwa nini?"

"Mama, hiyo ni siri yako. Redio hii inasikika mpaka Ukerewe, ova."

"Ndiyo maana nakuuliza humu! Sema wasikie."

"Unatibiwa unene, mama. Unapungua kwa jasho lako, na mimi nakuvulia kofia, ova."

Mara sauti ya nesi wa kisiwani ikaingia: "Hongera, mama! Hapa nina wawili kama wewe. Umewezaje? Ova."

Nje watu wakacheka. Teodora akapaza sauti, "Kumbe mapanki yananenepesha, na wewe unatuuzia!"

"Nunua, kula kidogo, rudi kwa miguu!" Agutu akamjibu.

Wateja wakarudi, na Teodora wa kwanza.

Mchana mmoja Agutu akamwita Rose nyumbani. Akatandika mkeka, akalisukuma gunia kando.

"Keti hapo, mwanangu, usikilize pumzi. Ikikwama, niamshe."

Akajinyoosha, miguu mpaka mlangoni. Rose akasikiliza. Pumzi ikaingia, ikatoka, ikaingia tena. Hakumwamsha. Agutu alikuwa amelala.