Mzaha wa Chakula cha Mchana

Bwana alikuwa na ulimi usiotulia kinywani, na akishashiba ndiyo balaa kabisa. Mchana ule alikuwa na wageni watatu: shemeji yake, mwuza manukato, na mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani. Mpishi wake, mjakazi wa nyumba ile kwa miaka tisa, aliingia na sinia la nyama, tumbo la miezi minane limemtangulia. Mwuza manukato akanyoosha mkono. Mpishi akamwambia anawe kwanza.

Bwana akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mnamwona huyu? Humu ndani anayeamuru ni yeye. Haya basi, kuanzia leo wewe ni huru, nenda ukawaamuru na watu wa mjini."

Wawili wakaangua kicheko. Mwalimu akaacha kutafuna.

Mpishi aliliweka sinia chini polepole. Kila alasiri Mwalimu alisomesha watu wazima kwenye baraza ya nyumba ile, na dirisha la jiko lilikuwa pale pale nyuma ya mgongo wake. Somo lile Mpishi alikuwa amelisikia mara nyingi akikoroga chungu: kuoa, kutaliki na kumwacha huru mtumwa hayana mzaha, ukiyatamka kwa kucheka yamepita. Bwana naye alikuwa akihudhuria, tena mstari wa mbele, akisinzia kwa heshima zote.

Sasa msidhani alitaka uhuru ili atembee mjini akijishaua. Alitaka kitu kimoja tu. Mumewe, mpagazi wa mizigo ya watu, alikuwa amekufa kwa homa, na mwezi uliopita Bwana alimwahidi dada yake mwenyewe, anayekaa mwendo wa siku sita, kwamba mtoto atakayezaliwa atapelekewa yeye akishaacha ziwa. Alimwahidi hivi hivi, kama mtu anayeahidi kumpa mwenzake paka. Mtoto wa mjakazi ni mali ya bwana wa mama yake, ndivyo ilivyokuwa. Lakini mama akiachwa huru kabla hajajifungua, aliye tumboni huru naye.

Kesho yake asubuhi akachukua kikapu kama anayekwenda sokoni, akapita soko, akaenda moja kwa moja kwa kadhi. Jua halijapanda sana, wote wanne walikuwa wameshaitwa, wameketi kwenye mkeka, Bwana kanuna.

"Una mashahidi?" kadhi akamwuliza Mpishi.

"Ninao watatu, Sheikh. Hawa hapa."

Mwalimu akaapa, akasema aliyoyasikia, neno kwa neno. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa chuo chake kilikuwa kwenye chumba cha jirani alichopewa na Bwana, na alijua anajikatia riziki mwenyewe. Zamu ikaja ya mwuza manukato.

"Mimi nilikuwa nakula," akasema, akiangalia vidole vyake. "Sikusikia kitu."

"Hakusema," shemeji akadakia. "Huyu mama anaota mchana."

Mpishi akawageukia. Wale wawili walikuwa wamecheka kuliko wote! Alitaka kusimama awaambie, kadhi akamtangulia.

"Shahidi mmoja hatoshi," kadhi akasema. Alikuwa mtu mkavu, uso hausomeki. "Kiapo sasa ni cha mwenye kukana. Bwana, apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hukuyatamka maneno hayo, uende naye nyumbani."

Kazi ilikuwa imebaki ndogo hivyo. Sentensi moja, na mtoto kaenda. Mpishi alishika tumbo kwa mikono miwili, akamkazia macho Bwana bila kupepesa.

Bwana akafungua kinywa, akakifunga. Mtu huyu aliuza vitambaa, na kudanganya upana wa kitambaa kwake ilikuwa kama kupiga mswaki. Lakini kiapo alikiogopa tangu utoto. Akamtazama shemeji yake, shemeji akampa ishara ya kichwa: apa, tumalize. Akajikohoza, akapangusa paji la uso. Halafu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeona upenyo.

"Sheikh, tusifikishane huko kwa jambo dogo. Mimi nilikuwa natania tu. Kila mtu pale alicheka."

Shemeji akafumba macho.

"Ulikuwa unatania ukisema nini?" kadhi akauliza.

"Kwamba yu huru. Ila moyoni mwangu mimi..." Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Ya moyoni mwako anayajua Mungu. Mimi nimesikia ya mdomoni, na jambo hili halina mzaha." Kadhi akawageukia shemeji na mwuza manukato. "Nyie msiondoke. Nina maneno nanyi."

"Basi na achukue uhuru wake," Bwana akasema, sauti imepanda. "Lakini mtoto nilishamtoa zawadi."

"Ulitoa kilichokuwa hakijazaliwa wala hakijafika mkononi mwa mtu. Jana mchana ulipomwacha huru mama yake, naye alitoka mikononi mwako. Karani, andika."

Karani akaandika, kalamu ikikwaruza, kisha akasoma kwa sauti: mwanamke huyu ni huru kuanzia jana adhuhuri, yeye na aliye tumboni mwake, hauzwi, harithiwi, hatolewi zawadi.

Akamnyooshea karatasi. Mpishi hakuipokea. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Hapo pa tumboni," akasema. "Nisomee tena."

Karani akasoma tena.

"Tena, baba."

Karani akamtupia jicho kadhi. Kadhi akainamisha kichwa, na karani akasoma mara ya tatu, taratibu, kama anayemsomea yule wa ndani.